Kimeng'aa, lakini kimeshika wapi? Kubuni kichunguzi cha kikoa cha kinasi cha BTK

Mstari mkali unaong'aa kwenye jeli hufurahisha, na hapo ndipo wengi hukwama. Umeweka kichunguzi, yaani molekuli ndogo inayoshika protini na kubeba alama ya kuionyesha, kwenye seli, umezipasua, umetenganisha protini kwa uzito, na mstari umetokea pale pale ulipoutarajia, karibu na kilodaltoni 76. Kinachoandikwa kwenye daftari baada ya hapo ni kwamba kikoa kilichokusudiwa, yaani kipande fulani cha protini, kimetiwa alama. Lakini jeli inajua uzito tu. Haijui kama rangi imeshika mwanzo wa protini au mwisho wake, haijui kama imeshika mahali pamoja au matatu, na mara nyingine haijui hata kama protini yenyewe ndiyo uliyoitaka.

Makala hii inafuata kichunguzi kimoja tangu kikiwa mchoro kwenye karatasi hadi kinaposomwa kwenye jeli: kichunguzi cha kikoa cha kinasi cha protini iitwayo BTK. Nimekichagua kwa sababu kila sehemu yake inajulikana vizuri, na kwa sababu makosa yanayofanyika hapa hufanyika pia kwenye protini nyingine nyingi. Msimamo wangu ni kwamba swali la "kimeshika wapi" linapaswa kujibiwa siku ya kubuni. Vilinganishi, yaani molekuli na sampuli za kupima kama matokeo ni ya kweli, visipotengenezwa pamoja na kichunguzi, huwa havitengenezwi tena, kwa kuwa jeli ikishapendeza hakuna anayerudi mezani kuunda molekuli isiyofanya kazi.

Protini na tundu lake

Protini kubwa nyingi zimejengwa kwa vikoa, yaani vipande vinavyojikunja kila kimoja kivyake na kufanya kazi yake. BTK ina asidi amino 659 na vikoa vitano. Mwanzoni kuna PH, kinachoipeleka protini kwenye utando wa seli, kisha TH, SH3 na SH2, na mwishoni kikoa cha kinasi, kinachochukua fosfati kutoka kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Herufi B ya jina lake inamtaja Ogden Bruton, daktari wa Kimarekani aliyeeleza mwaka 1952 ugonjwa wa mtoto aliyekosa kingamwili kwenye damu. Jeni lenyewe lilipatikana mwaka 1993. Bila BTK seli B, seli za damu zinazotengeneza kingamwili, hazikomai. Seli B zikishageuka saratani, nyingi hutegemea ishara zake ili ziishi, na ndiyo maana dawa ya ibrutinib, inayozima kikoa cha kinasi, iliidhinishwa Marekani Novemba 2013.

Tundu la ATP limo ndani ya kikoa hicho, na kwenye ukingo wa tundu kuna sisteini namba 481, asidi amino yenye salfa. Mfuatano wa eneo hilo ni mfupi na unafaa kuujua kwa moyo: threonini 474, glutamati 475, tirosini 476, methionini 477, alanini 478, asparajini 479, glisini 480, sisteini 481. Ibrutinib inaingia tunduni na kushikana kwa bondi za haidrojeni na 475 na 477, sehemu yake ya fenoksifenili inapita karibu na threonini 474 na kuzama nyuma, na upande wa pili akrilamidi yake, kundi dogo lenye bondi-mbili, inaifikia salfa ya 481 na kufunga bondi kovalenti isiyoachia.

Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, lakini zenye sisteini mahali hapo ni kama kumi tu: BTK na ndugu zake TEC, ITK, BMX na TXK, halafu BLK, JAK3, EGFR, HER2 na wengine wachache. Orodha hiyo iweke karibu, maana tutairudia kwenye jeli.

Kichwa, ndoano na mkia

Kichunguzi cha aina hii kina sehemu tatu. Kichwa hutambua tundu na kukaa ndani yake. Ndoano hufunga bondi na asidi amino moja. Mkia ndio unaotuwezesha kuona au kuvua kilichoshikwa. Kichwa tumeshapewa na ibrutinib, kwa hiyo kazi ya kubuni inabaki kwenye ndoano na mkia, na hasa mahali pa kuutundika mkia.

Kanuni ni kuutundika upande unaotazama maji. Fungua muundo wa fuwele wa kikoa cha BTK kikiwa na ibrutinib, zungusha picha, kisha tafuta atomu za dawa ambazo hazijafunikwa na protini. Fenoksifenili imezama kabisa. Ukiweka mkia hapo umeua kichunguzi. Nitrojeni za pirimidini zina kazi ya kushika 475 na 477, nazo haziguswi. Kinachobaki ni ule mwisho wa akrilamidi, unaotokea nje ya tundu. Ndiyo njia iliyofuatwa kwenye PCI-33380, kichunguzi kilichochapishwa mwaka 2010 pamoja na taarifa za ibrutinib yenyewe: rangi ya Bodipy imeunganishwa kupitia piperazini kwenye kaboni iliyo mbele ya bondi-mbili ya ndoano.

Je, uanze na rangi moja kwa moja? Kwa protini iliyosafishwa haina neno. Kwa seli hai ningeanza na alkaini ndogo, kundi la kaboni mbili zenye bondi-tatu, kisha rangi ije baadaye. Rangi kama rodamini ni kubwa kuliko kichwa chenyewe, hubeba chaji, hubadilisha namna molekuli inavyopita kwenye utando, na baadhi yake hukimbilia mitokondria. Ukishaweka rangi, hujui tena kama unapima tabia ya kichwa au tabia ya rangi. Alkaini haina mambo hayo.

Mpangilio nitakaoufuata hapa ni kichwa cha ibrutinib, ndoano ya butenamidi badala ya akrilamidi tupu, na mkia wa N-methilipropajilamini kwenye kaboni ya nne. Jumla yake ni C30H31N7O2, uzito wa molekuli 521.6. Amini ya mkia haipo kwa ajili ya kubeba alkaini tu: nitrojeni hiyo iliyo karibu na bondi-mbili huongeza umumunyifu majini, na inaweza kuisaidia salfa kuachia protoni yake wakati wa kushikana.

Ukali wa ndoano

Hapa ndipo vichunguzi vingi huharibika, na hesabu fupi inaonyesha sababu. Kasi ya kichunguzi cha kovalenti hupimwa kwa uwiano wa kasi ya kufunga bondi na nguvu ya kukaa tunduni, kwa kipimo cha moja kwa mola kwa sekunde. Tuseme, kwa mfano tu, kwa BTK uwiano huo ni 10,000. Ukitumia nanomola 100, kasi inakuwa 0.001 kwa sekunde: nusu ya BTK inashikwa ndani ya dakika 12 hivi, na baada ya saa moja asilimia 97 imeshikwa.

Sasa chukua protini isiyohusika, yenye sisteini iliyo wazi, inayogusana na ndoano kwa uwiano wa 1 tu, yaani mara elfu kumi polepole zaidi. Kwa nanomola 100, baada ya saa moja ni asilimia 0.036 ya protini hiyo iliyoshikwa. Haionekani. Lakini ikiwa protini hiyo ipo kwenye seli mara 1,000 zaidi ya BTK, asilimia hiyo ndogo ni sawa na theluthi moja ya BTK yote. Pandisha dozi hadi mikromola 10 na idadi yake inakuwa karibu mara 35 ya BTK. Hakuna kilichobadilika kwenye uteuzi wa molekuli. Kilichobadilika ni dozi. BTK ilishajaa kwenye nanomola 100, na kila unachoongeza juu ya hapo kinakwenda kwa wengine. Utafiti wa maabara ya Benjamin Cravatt huko Scripps, California, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha jambo hili kwa vichunguzi vya alkaini vya dawa kadhaa za kinasi, ibrutinib ikiwemo: dozi ikizidi ile inayotosha kujaza lengo, protini nyingi zisizo kinasi huanza kushikwa.

Kwa hiyo usichague ndoano kali ukidhani ni msaada. Kloroasetamidi hushika haraka na hufaa kwa uchunguzi wa awali kwenye protini iliyosafishwa, lakini ndani ya seli hushika ovyo. Akrilamidi na butenamidi ni za wastani. Butinamidi, iliyotumika kwenye akalabrutinibu, dawa ya BTK iliyoidhinishwa mwaka 2017, ni tulivu zaidi. Kipimo rahisi cha ukali ni glutathioni, molekuli ndogo ya seli yenye salfa: milimola 5 kwenye bafa ya pH 7.4, nyuzi 37, kichunguzi mikromola 10, kisha pima kwa LC-MS, mashine inayotenganisha molekuli na kupima uzito wake, ni kiasi gani kimebaki baada ya dakika 0, 15, 30, 60, 120 na 240. Seli zina glutathioni ya milimola 1 hadi 10, hivyo molekuli inayoisha nusu ndani ya dakika chache haitafika kwenye tundu lolote.

Kuiunda, pamoja na vilinganishi vyake

Malighafi ni ile amini ya piperidini ya kichwa, umbo la R, inayouzwa na wauzaji wengi kwa kuwa ndiyo hatua ya mwisho kabla ya ibrutinib. Geuza asidi ya 4-bromobutenoiki kuwa kloridi yake kwa kloridi ya oksalili na tone la DMF. Iongeze polepole, kiasi sawa au 1.1 kwa 1 ya amini, kwenye diklorometheni yenye besi ya DIPEA sehemu 3, kwa nyuzi 0. LC-MS ikionyesha amini imekwisha, ongeza N-methilipropajilamini sehemu 2 na uiache ifikie joto la chumba.

Amini hiyo ya mwisho ndiyo ya kuangalia. Ikizidi, au ikiachwa usiku kucha, hushika pia bondi-mbili ya ndoano na kukupa molekuli yenye mikia miwili isiyo na ndoano. Kwenye LC-MS utaona kilele kilichozidi kwa 69. Kwenye NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha protoni za molekuli, angalia kwamba protoni mbili za bondi-mbili zipo, kati ya 6 na 7 ppm. Zikiwa hafifu kuliko inavyopasa, usiendelee mpaka usafishe. Lenga usafi wa asilimia 95 au zaidi. Uchafu wa asilimia 5 wenye ndoano kali unaweza kung'aa kuliko molekuli yako.

Ukisafisha kwa HPLC yenye asidi ya trifluoroasetiki, bidhaa hutoka ikiwa chumvi. Chumvi yenye asidi moja ina uzito wa 635.6. Ukipima kwa kutumia 521.6, myeyusho unaouita milimola 10 una milimola 8.2 tu, na kila namba ya dozi inayofuata imepotoka kwa kiasi hicho. Yeyusha kwenye kiyeyushi cha DMSO, kikiwa kikavu, gawa kwenye vichupa vya mikrolita 20, hifadhi nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila kichupa kifunguliwe mara moja. DMSO hunyonya maji ya hewani, na katika miji ya pwani kama Mombasa au Dar es Salaam hufanya hivyo haraka kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyodhani.

Siku hiyo hiyo, kwenye meza hiyo hiyo, unda molekuli ya pili: kichwa kile kile na mkia ule ule, lakini ndoano iwe butanamidi, isiyo na bondi-mbili. Inakaa tunduni, haifungi bondi. Ikikupa mstari unaong'aa kwenye jeli yenye SDS, sabuni inayokunjua protini, basi mng'ao huo hautokani na bondi uliyoibuni, na unatafuta chanzo chake kabla ya kugusa seli. Kilinganishi cha pili ni ibrutinib yenyewe, isiyo na alkaini, ya kuziba tundu kabla ya kichunguzi. Cha tatu ni protini: kikoa cha BTK ambacho sisteini 481 imegeuzwa kuwa serini. Badiliko hilo la C481S lilielezwa mwaka 2014 kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao ulirudi wakiwa kwenye ibrutinib. Dawa bado inaweza kuingia tunduni na kutoka, lakini haina pa kufunga. Kwa mbunifu wa vichunguzi hicho ndicho kilinganishi bora kuliko vyote, kwa sababu tofauti yake na protini ya kawaida ni atomu moja: oksijeni mahali pa salfa.

Kwenye protini tupu kwanza

Chukua kikoa cha kinasi kilichosafishwa, mikromola 2, kwenye bafa ya HEPES ya pH 7.4, na kichunguzi mikromola 4. Mchanganyiko usiwe na DTT wala merkaptoethanoli, kemikali zenye salfa zinazowekwa kuhifadhi protini. Ikiwa protini ilihifadhiwa humo, ipitishe kwanza kwenye safu ya kuondoa chumvi, la sivyo ndoano itaishia kwenye DTT. TCEP, inayotumika badala ya hizo, pia si salama kwa ndoano za aina hii, kwani fosifini hushika bondi-mbili. Baada ya saa moja kwenye joto la chumba, pima uzito wa protini nzima kwa spektrometa ya masi.

Ndoano hii hujiunga bila kupoteza kitu, kwa hiyo uzito lazima uongezeke kwa 521.6 kamili. Kilele kimoja kilichosogea kwa 521.6 ni jibu zuri. Kilele cha pili kilichosogea kwa 1,043 maana yake kichunguzi kimeshika sehemu mbili, na hilo linawezekana sana: ndani ya kikoa hicho hicho zipo sisteini nyingine, zikiwemo 464, 502, 506 na 527. Rudia kwa mikromola 20 ili ujue ni dozi gani inayoanza kuzigusa. Fanya vivyo hivyo kwa C481S. Hapo kilele kisisogee.

Halafu jaribio moja dogo linalosahaulika. Chemsha protini kwa dakika 5, nyuzi 95, kwenye SDS asilimia 1, iache ipoe, kisha weka kichunguzi. Kikoa kimekunjuka, tundu halipo tena. Ikiendelea kushikwa vile vile, unachokiona ni ukali wa ndoano tu, na kichwa hakina mchango.

Ndani ya seli

Seli za Ramos zinafaa. Ni seli B za uvimbe wa Burkitt, ule ule ambao Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa Kampala, na zina BTK ya kutosha. Tumia seli milioni 5 kwa kila sampuli kwenye mililita 1 ya RPMI isiyo na seramu, kwa kuwa albumini ya seramu hunywa kichunguzi. DMSO isizidi asilimia 0.1: mikrolita 1 ya myeyusho wa mara 1,000.

Panga sampuli hivi: DMSO peke yake, kichunguzi nanomola 10, 30, 100, 300 na 1,000, kichunguzi nanomola 100 baada ya ibrutinib mikromola 1 kwa saa moja, na kilinganishi cha butanamidi nanomola 100. Saa moja kwenye nyuzi 37. Osha mara mbili kwa PBS baridi, ukizungusha kwa 500 g dakika 5. Pasua kwa PBS yenye Triton asilimia 1 na vizuizi vya proteazi visivyo na EDTA, pima protini, kisha punguza hadi miligramu 1 kwa mililita.

Sasa rangi, inayobeba azaidi, kundi la nitrojeni tatu linalojibandika kwenye alkaini ya mkia. Mmenyuko wa azaidi na alkaini kwa kichocheo cha shaba ulitangazwa mwaka 2002 na Morten Meldal na K. Barry Sharpless, kila mmoja kivyake; wao pamoja na Carolyn Bertozzi walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2022. Kwa mikrolita 50 za sampuli, viungo ni hivi: mikrolita 1 ya rodamini-azaidi ya milimola 1.25, mikrolita 1 ya TCEP ya milimola 50 iliyoyeyushwa asubuhi hiyo hiyo, mikrolita 3 za TBTA, inayoishika na kuilinda shaba, ya milimola 1.7 kwenye mchanganyiko wa DMSO sehemu 1 na butanoli ya tersiari sehemu 4. Na mwisho mikrolita 1 ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, ya milimola 50. TCEP hapa haina madhara tena, kwa sababu bondi ya kichunguzi na sisteini imeshafungwa. Changanya vizuri, acha saa moja gizani kwenye joto la chumba, simamisha kwa mikrolita 17 za bafa ya SDS ya mara 4. Mikrolita 25 za mchanganyiko huo hubeba takriban mikrogramu 17 za protini, kiasi kinachotosha njia moja ya sampuli kwenye jeli ya asilimia 10.

Mng'ao usipotokea kabisa, hata kwa dozi kubwa, usikimbilie kulaumu kichunguzi. Uliza kwanza kama kulikuwa na EDTA kwenye bafa, kwani huivuta shaba yote. Uliza kama kuna imidazoli iliyobaki kutoka kwenye safu ya nikeli. Uliza TCEP ina umri gani. Na kuna mkosaji mmoja anayejificha sana: azaidi ya sodiamu, inayowekwa kwenye bafa za maabara ili zisiote bakteria. Hiyo nayo ni azaidi. Kwenye asilimia 0.02 ni milimola 3, mara 120 ya rodamini yako, na hubandikwa kwenye alkaini bila kung'aa hata kidogo.

Upande wa pili, kila njia ya jeli ikiwa na ukungu unaong'aa hata kwenye DMSO, rangi ya bure haijatoka. Acha rangi ya chini ya jeli itiririke nje kabisa, au loweka jeli kwenye methanoli asilimia 40 na asidi ya asetiki asilimia 10 kwa saa moja kabla ya kusoma. Baada ya kusoma mng'ao, paka jeli ile ile Coomassie, rangi ya buluu inayoonyesha protini zote. Mstari mmoja ukiwa hafifu kwa sababu protini iliyopakiwa ni chache, uutambue hapo hapo.

Unachotafuta ni mstari wa kilodaltoni 76 unaokua mpaka nanomola 100 hivi kisha unatulia, unaotoweka ibrutinib ikitangulia, na usiokuwepo kwenye butanamidi. Mstari unaoendelea kukua bila kutulia si wa tundu. Mstari usiotoweka kwa ibrutinib si wa tundu la ibrutinib, hata ukiwa mkali kuliko mingine yote.

Lakini hata mstari unaotimiza hayo yote unaweza kukudanganya. TEC ipo pia kwenye seli B na ina asidi amino 631, kwa hiyo hukaa karibu kabisa na BTK. BLK, yenye kilodaltoni 58 hivi, hutokea chini yake. Zote mbili zina sisteini mahali pale pale, na zote hushindaniwa na ibrutinib. Weka seli za Jurkat, ambazo ni seli T zisizo na BTK, kwenye jeli hiyo hiyo. Utaona mstari karibu na kilodaltoni 72, nao ni ITK, iliyoshikwa kwenye sisteini 442. Anayeona mstari huo peke yake angeapa ni BTK. Kuondoa shaka, vua BTK kwa kingamwili yake kabla ya kuipaka rangi, au rudisha BTK ya kawaida na ile ya C481S kwenye seli ambazo jeni la BTK limeondolewa.

Wengine huchagua biotini badala ya rodamini, kisha huangalia kwa streptavidini, protini inayoing'ang'ania biotini. Kwa BTK sishauri njia hii kwa kusoma jeli. Seli zina vimeng'enya vyao vyenye biotini ya asili, na viwili kati yake, vya karboksilesi, vimekaa karibu na kilodaltoni 75. Utaona mstari mzuri hata kwenye sampuli ambayo haikuwekewa kichunguzi. Biotini inafaa kwenye kuvua protini kwa ajili ya spektrometa, na hapo kuna hatua isiyorukwa: ondoa biotini-azaidi iliyobaki kabla ya kuweka shanga zenye streptavidini. Kwa mikrolita 500 za sampuli, ongeza methanoli mililita 2, klorofomu mililita 0.5 na maji mililita 1.5, zungusha, chukua utando wa protini unaokaa katikati ya tabaka mbili, uoshe kwa methanoli, uuyeyushe kwenye SDS asilimia 1.2, kisha punguza SDS hadi asilimia 0.2. Biotini ya bure ikibaki, hujaza shanga zote na protini yako hupita moja kwa moja hadi kwenye pipa la taka.

Kulitaja hasa lile eneo

Ushahidi wa mwisho ni peptidi. Kata BTK kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini baada ya laisini (K) au aginini (R). Sisteini 481 hutoka kwenye kipande cha asidi amino 21, kuanzia glutamini 467 hadi aginini 487: QRPIFIITEYMANGCLLNYLR. Tripsini haikati baada ya R iliyo nafasi ya pili kwa sababu inafuatwa na prolini. Tafuta kipande hicho kikiwa na nyongeza ya 521.25 kwa uzito wa isotopu moja, na uhakikishe vipande vyake vinaionyesha nyongeza juu ya C.

Kipande hiki kina hila tatu. Glutamini ya mwanzo hujikunja na kupoteza 17. Methionini 477 huoksidika na kuongeza 16. Asparajini 479, kwa kuwa inafuatwa na glisini, hupoteza amonia na kugeuka asidi ya aspatiki, ikiongeza karibu 1. Programu ya utafutaji isipoambiwa mambo hayo matatu, itakujibu kwamba kipande hakipo, hali kipo katika sura nne au tano. Kisha ni kirefu na hakipendi maji, hivyo hutoka mwishoni kabisa mwa safu. Ongeza muda ambao asetonitrili, kiyeyushi kinachosukuma peptidi nje ya safu, iko juu.

Ukiwa na kikoa kisicho na sisteini karibu na tundu, ndoano hubadilika na mengine yote hubaki. Floridi ya salfonili inaweza kushika laisini, na kinasi karibu zote zina laisini moja ndani ya tundu la ATP, ambayo kwa BTK ni namba 430. Faida yake ni upana, hasara yake ni hiyo hiyo. Diazirini huwashwa kwa mwanga wa nanomita 365 na kushika chochote kilicho jirani, lakini sehemu kubwa yake huishia kwenye maji, kwa hiyo mavuno ni madogo na ushindani na molekuli isiyo na mkia unakuwa wa lazima zaidi. Mwangaze ukiwa juu ya barafu, dakika 5 hadi 15, na uwe na sampuli moja isiyomulikwa.

Kichunguzi kikishathibitishwa namna hii kinaweza kupima dawa kwenye damu. Anayetumia ibrutinib, tundu lake limeshazibwa, kwa hiyo kichunguzi kinapata BTK iliyobaki wazi tu: mng'ao ukishuka kwa asilimia 90 ukilinganishwa na sampuli ya kabla ya dozi, asilimia 90 ya BTK imeshikwa. Gawanya mng'ao kwa jumla ya BTK iliyopimwa kwa kingamwili kwenye sampuli ile ile, kwa sababu seli hutengeneza BTK mpya kila saa na idadi ya seli B kwenye damu hubadilika sana mgonjwa anapoanza dawa. Ioshe dawa ya bure kwenye seli kabla ya kuweka kichunguzi. Isipooshwa, huendelea kushika BTK ndani ya bomba wakati unasubiri sentrifuji, na utaandika kiwango ambacho mgonjwa hakuwa nacho.